Lebo ya Mkanda wa Buluu

Miaka ile bendera yetu ingali mpya, niliendesha lori la tajiri mmoja wa mbao, kutoka Kakamega hadi stesheni ya reli Butere. Barabara ilikuwa ya marram, changarawe na vumbi jekundu, kiti changu kilikuwa chuma kitupu, na nikifika nyumbani Amalemba mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Hata leo nikiikumbuka kazi ile nachoka upya.

Aliyefunga mzigo alikuwa mume wa dada yangu mdogo. Desturi yetu ilikuwa kwamba aliyefunga ndiye anayepanda juu ya mbao. Akifunga vibaya, ataanguka yeye kwanza. Basi shemeji alikaa huko juu kifua mbele, watu wa sokoni wamwone, na kiti cha kando yangu tajiri akakiuza kwa abiria.

Siku moja tajiri akaleta mikanda ya buluu kutoka ng'ambo, yenye chuma cha kukazia, tuachane na kamba za katani. Kila mkanda ulishonewa lebo ya Kiingereza. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa shule kidogo, nikapewa na kazi ya kusoma. Usizidishe uzito huu. Usipige fundo. Usiupitishe kwenye ncha kali bila kuukinga. Usiutumie kuinulia. Lebo isiposomeka, utupe. Nikasoma asubuhi, nikasoma jioni, na shemeji bado akapiga fundo lake mwishoni na kulipiga kofi.

"Bila fundo, mulamwa, hii kitu itashika aje?" aliniuliza, mulamwa kwetu ikiwa ni shemeji.

Nikalifungua. Kesho yake lilikuwapo tena. Nilichoshwa mpaka nikawa naiota lebo.

Kisha lori la mtu mwingine likamwaga mbao mtelemkoni, na mfungaji wake, aliyekuwa amekaa juu, akafa chini ya mbao hizo. Jioni hiyo dada yangu alikuja kwangu, mjamzito, pumzi zikimpaa. Alitaka nimsomee lebo. Nikamsomea yote, mkanda ukiwa magotini mwake.

"Na bwana yangu? Inasemanga akae wapi?"

Nikarudia kuanzia juu. Uzito, fundo, ncha kali, kuinua. Mtu hakuwamo. Nikamwambia haisemi. Hakulia. Aliukunja mkanda taratibu akanirudishia, nami nikaona aibu kana kwamba lebo niliiandika mimi.

Asubuhi, abiria akiwa ameshaketi, nikamwita tajiri.

"Tajiri, kuna mstari tuliuruka."

Nikaweka kidole penye habari za kuinua, nikasoma kwa Kiingereza changu chote, kisha nikafasiri: mtu asikae juu ya mzigo, akikaa mkanda hauna kazi.

Tajiri akaukodolea macho. "Wazungu waliandika hivyo?"

"Ndivyo walivyoandika."

Akamshusha abiria huku akinung'unika, shemeji akaketi mahali pake.

Aliyekasirika zaidi alikuwa shemeji. "Sasa watu watasema nimeogopa kufunga kwangu mwenyewe." Alinuna nusu ya safari, halafu usingizi ukamchukua, kichwa kikaniangukia begani. Kilikuwa kizito, na bega lilikuwa linaniuma tangu juzi, lakini nilikiacha palepale hadi Butere.

Mtoto akazaliwa, wakafuata wengine. Shemeji hakuacha fundo lake, nami sikuacha kulifungua. Jua na mvua vikaila lebo kidogo kidogo, na kwa haki mikanda ile ingetupwa. Mstari huo wa kutupa niliacha kuusoma. Mikanda mipya ingekuja na lebo mpya, na labda tajiri angepata mtu mwingine wa kumsomea.

Siku moja nikakuta tena abiria kwenye kiti cha shemeji. Nikauvuta mkanda, nikaishika lebo mbele ya tajiri na kuanza kusoma. Haikuwa na herufi hata moja, kitambaa cheupe tu. Nilisoma hadi mwisho. Tajiri akakitazama kile kitambaa, akanitazama mimi, kisha akaenda kumfungulia abiria mlango ashuke.