Baiskeli Mbili za Namba Moja

Damas hakupatana na jembe, na kwenye bani la kukaushia tumbaku moshi ulimliza kama mfiwa. Kwa hiyo kijiji chao cha ujamaa, kule Goweko, kilipoamua kununua baiskeli ya kupelekea wagonjwa zahanati, alipiga domo mkutanoni mpaka wakampa kazi ya kuiendesha. Mwenyekiti, Mzee Kasimiri, akaweka sharti.

"Ukishindwa kuimudu, anaendesha kijana mwenzako Alois. Wewe unarudi bani."

Dukani kwa Mukesh, Tabora mjini, Damas hakutaka kubahatisha. Alikuja na kamba aliyopimia baiskeli ya kukodi aliyojifunzia, toka chini mpaka kwenye siti. Akapima moja nyeusi, inang'aa. Sawasawa. Fremu namba ishirini na mbili, kama ile ya kukodi.

"Hii hii," akasema. Mzee Kasimiri, aliyekuja naye, akamwambia aijaribu kwanza, aende mpaka Itetemia arudi.

Njiani shingo ikakaza, viganja vikafa ganzi, na kila kona baiskeli inakwenda inakotaka yenyewe. Akarudi amefura.

"Bwana Mukesh, umenibadilishia baiskeli."

"Nimekubadilishia wapi, na umeondoka nayo mwenyewe?"

"Basi hiyo namba ya uongo."

Mukesh akatoa nyingine, ya kijani, akaisimamisha ubavuni mwa nyeusi. Nayo ishirini na mbili. "Namba inapima bomba hili tu, la chini ya siti. Hili la juu halina namba. La nyeusi refu, linakuvuta mbele. La kijani fupi. Na uma wa mbele, wa nyeusi umesimama mno, ndiyo maana kona zinakusumbua."

"Kwa hiyo nyeusi ni kubwa."

"Siyo kubwa. Zote ishirini na mbili."

"Kwa hiyo ziko sawa."

"Haziko sawa."

"Wewe unanichezea akili?"

"Kijana, panda."

Akapanda ya kijani, akazunguka mtaa. Mgongo shwari, mikono shwari. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa: kamba ile ile, miguu ile ile, mtu yule yule.

Mzee Kasimiri, mrefu kama nguzo ya simu, naye akaikalia. Magoti yakagonga usukani.

"Hii ya watoto. Tunachukua nyeusi. Baiskeli ni ya kijiji kizima, siyo yako."

Damas akaliona bani, na kuni, na Alois akipita barabarani anapiga kengele. Damu ikampanda. "Sasa Mwenyekiti, kijiji kizima kitapanda siku moja? Si naendesha mimi?"

"Punguza sauti. Namba si moja? Tofauti yake nini?"

Damas akamwangalia Mukesh, Mukesh akajifanya anapanga nati. "Sijui, mzee. Panda nyuma, uwe mgonjwa."

Kwenye nyeusi hawakumaliza mtaa. Kona ya kwanza tu Mzee aliruka chini, kofia ikaenda mtaroni. Kwenye kijani walizunguka mpaka stesheni na kurudi, Mzee kashika keria kwa mikono miwili.

Akashuka, akajipangusa vumbi. "Tunachukua ya kijani."

"Asante, Mwenyekiti."

"Ila kijijini wakiuliza kwa nini, usiwaeleze habari za mabomba. Waambie nyeusi ziliisha."

"Hata nikitaka kuwaeleza, mzee, nitaanzia wapi?"

Damas akamkaribisha kwenye keria, wakashika njia ya Goweko.