Je, Usingizi Ni Nini?

Bi Miwani aliingia ukumbini akiwa amechoka kuanzia kisigino hadi utosi. Tangu asubuhi alikuwa dukani akiwavisha watu fremu na kuwaambia zimewapendeza. Mwenye uso wa duara, zimempendeza. Mwenye pua isiyo na mahali pa kushikia miwani, naye zimempendeza, ila awe anazisukuma kidogo. Uongo mdogo mdogo wa kutwa nzima huchosha taya kuliko kutafuna muwa, na sasa alikuwa amekuja kusema mwingine, tena bila mshahara.

Chama cha Wasemaji kilikutana kila Alhamisi jioni katika chumba kilichokuwa juu ya duka la magodoro, na hapo palichaguliwa kwa hekima, maana hotuba nyingi zilidai godoro. Palikuwa na viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma, na Mwenyekiti, wakala wa bima, ambaye akikupa mkono anaushikilia mpaka ukumbuke kwamba utakufa. Watu walikuja kujifunza kuongea hadharani bila magoti kugongana. Kila hotuba ilipokwisha, mtu mmoja aliteuliwa kutoa maoni, na maoni yalikuwa na kanuni yake iliyoitwa Mkate: slesi ya sifa, katikati kosa lililopakwa kama siagi, kisha slesi nyingine ya sifa. Miaka ilivyokwenda, siagi ikawa inapungua. Siku hizi watu walilishwa mkate mkavu wakaondoka wameshiba.

Mpishi mkuu wa mkate huo alikuwa Bi Miwani. Kila msemaji alimtaka yeye, kwa sababu hata ukipanda jukwaani ukaangua kilio, angesema una hisia.

Jioni ile msemaji alikuwa Afande. Huyu hakuwahi kuwa askari hata wa kuigiza. Alilinda ghala la vigae, na jina alilipata kwa kumpigia saluti kila mwenye tai. Kesho yake asubuhi alikuwa ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu kazini. Msimamizi alidai kumkuta lindoni amelala fofofo, akamsimamisha lindo mpaka kamati ikae. Asipoipa kamati sababu ya kueleweka, kazi imekwenda, na waliomtegemea walikuwa mke, watoto na mama mkwe. Ndiyo maana alikuja kufanyia utetezi wake mazoezi.

Alimvuta Bi Miwani pembeni kabla kikao hakijaanza. "Dada, leo nisaidie kweli. Usinionee huruma."

"Lini nilikuonea huruma?"

"Wewe? Wewe mbuzi akila karatasi ya hotuba utamsifu kwa kumeza vizuri."

Bi Miwani alicheka kwa pua tu. Mdomo ulikuwa mzito.

Zamu ilipofika, Afande alipanda, akanyamaza ule unyamavu wa kufundishwa, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Kisha akanguruma: "Je, usingizi ni nini?"

Ukumbi ukasisimka.

"Usingizi ni mwizi asiyevunja mlango! Mlinzi ni jicho la kampuni! Na jicho, ndugu wajumbe, hufumba ili lipate kuona!" Mikono ikapaa kama ya mtu anayefukuza kunguru. Akashuka na nguzo tatu, Ulinzi, Uaminifu na Uvumilivu, kila nguzo na ngumi yake. Kinyozi, ambaye kazi yake chamani ilikuwa kugonga glasi kila msemaji akitamka "eee", hakupata nafasi hata moja; akakaa na kijiko chake kama mgeni aliyekuta sufuria imeshaoshwa. Hotuba ikaisha, makofi yakavuma, na Mwenyekiti akapangusa jicho lililokuwa kavu.

"Kazi imerudi hiyo!" alisema. "Kamati italia! Bi Miwani, tupe maoni."

Bi Miwani akasimama. Miguu ilikuwa inawaka. Nyumbani kulikuwa na wifi yake aliyekuja kusalimia tangu msimu uliopita na bado anasalimia, amelala kwenye kochi refu, rimoti kifuani. Uongo ungechukua dakika moja tu, kisha aende zake. Lakini hata uongo unataka nguvu, na za kwake zilikuwa zimebaki dukani.

"Afande, sauti nzuri," alisema. Watu wakapiga makofi. "Sasa, ulilala?"

Makofi yakakatika.

"Unasemaje, dada?"

"Siku ile lindoni. Ulilala au hukulala? Nimesikiliza mwanzo mpaka mwisho. Nimejua usingizi ni mwizi. Sijajua kama alikuibia."

Mwenyekiti akakohoa. "Bi Miwani, kanuni yetu..."

"Nimeanza na sifa, Mwenyekiti. Nimesema sauti nzuri."

"Mtoa maoni hamhoji msemaji!"

"Kamati itamhoji."

Afande alikuwa bado jukwaani, jasho likimtoka chini ya kofia. "Si wewe mwenyewe ulinifundisha?" alifoka. "Hapahapa! Msemaji asianze kwa kuomba radhi, anajishusha. Kila wiki unatuimbia!"

Hilo lilimwingia. Ni kweli aliwaimbia. Aliwaambia wale wa "samahani nina mafua" na "samahani sikujiandaa", wakaacha, na akafurahi. Hakufikiria kwamba mtu angeibeba kanuni hiyo mpaka kwa mwajiri wake, akaenda kushtakiwa huku kifua mbele.

"Nilisema," alijibu. "Ni ya jukwaani. Kesho huendi jukwaani, baba. Umeitwa kujibu."

"Mwacheni mtu na hotuba yake," Kinyozi akadakia. "Imetulia kama kichwa kilichotoka kunyolewa."

Mwenyekiti, kuokoa jahazi, akamkabidhi Afande kikombe cha msemaji bora wa wiki, cha plastiki, chenye rangi ya dhahabu inayobaki vidoleni. Watu wakateremka kwenda kunywa chai. Afande akabaki na kikombe chake mkononi, amevimba.

"Umeniaibisha, dada."

"Ndiyo."

"Mbele za watu!"

"Kesho watakuwa wachache. Kaa." Bi Miwani alivuta kiti upande wa pili wa meza, akavua viatu. "Mimi ndiyo kamati. Ulilala?"

"Je, usingi..."

"Ulilala?"

"Ndugu mjumbe, ulinzi umesimama juu ya nguzo..."

"Afande, miguu imevimba, nataka kwenda kwangu. Ulilala?"

Aliutazama mlango, akatazama dari. "Nilipitiwa."

"Na nini? Na lori?"

"Nililala, dada!" Sauti ya jukwaani ikamkimbia, ikabaki ya nyumbani, ndogo. "Nililala. Hata tochi ya msimamizi sikuiona."

"Kwa nini?"

Ikatoka vipande vipande. Mama mkwe alikuwa amelazwa. Mkewe alifua mashuka hotelini kutwa, kwa hiyo mchana aliyekaa wodini ni yeye, akimgeuza mgonjwa, akimfuta, akimlisha na kutukanwa. Usiku alikwenda lindoni moja kwa moja.

"Anasema namlisha kama naziba tundu la panya."

"Kazini hukuwaambia?"

"Mwanaume mzima niseme namwosha mama mkwe? Si wangenicheka pale getini mpaka nistaafu?"

"Kesho kawaambie. Hivyohivyo. Mikono ikae mezani."

"Bila swali la mwanzo?"

"Bila."

"Hata nguzo moja?"

"Afande."

Wakarudia, wakarudia tena. Kila mkono ulipoanza kupaa, Bi Miwani aliuchapa kofi ukatua. Maneno yalitoka yamejaa "eee", yakijikwaa, bila mwanzo wa maana wala mwisho. Kinyozi angevunja glasi. Bi Miwani alisikiliza kidevu kikiwa kiganjani na hakuona pa kumrekebisha, akavaa viatu kwa shida, wakashuka.

Asubuhi alipokuwa akifuta vioo vya dukani, ulimfikia ujumbe wa Mwenyekiti: uongozi wa chama, kwa masikitiko, umeamua apumzike kutoa maoni kwa muda usiojulikana. Aliusoma mara ya pili kwa raha. Mwaka mzima hakuna mtu mwingine aliyemwambia apumzike.

Adhuhuri haijafika, simu ikalia.

"Dada, nimesema."

"Ehe?"

"Mikono mezani, kama ulivyosema. Mama mmoja mnene wa kamati akaniuliza wodi ipi, nikamtajia, na kitanda nikamtajia. Wakanitoa nje, wakaniita tena. Wamenipa onyo. Kazi ipo."

Bi Miwani akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ipo?"

"Ipo, ila wamenitoa zamu ya usiku. Nalinda mchana, geti la nyuma, kule kwenye mapipa ya taka. Sasa mchana nani atakaa na mgonjwa? Mke wangu anaomba ahamishiwe zamu ya usiku, ashike yeye mchana. Tutakuwa tunaonana mlangoni, huyu anaingia, huyu anatoka, kama manesi."

"Mama mkwe anasemaje?"

"Nimempigia simu. Amesema wangenifukuza tu, ningepata muda wa kujifunza kupika."

Bi Miwani alicheka, safari hii mpaka akaegemea kaunta, na kicheko kilipoisha akaona kimemchosha vilevile. "Kalale kidogo basi," alisema.

"Saa ngapi, dada? Naanza leo leo. Niko njiani, nimekaribia geti." Lori lilipita upande wake, likameza maneno. "Hata usiku wa kuamkia leo nilikuwa wodini."

"Pana kiti hapo getini?"

"Kipo. Kina mto."

"Usikikalie."