Paa la Bluu, Maili Kumi na Tatu

Mimi ni mtu wa kutaka kujua, tena mbishi. Nikiambiwa chai ni ya moto, lazima niionje. Ndiyo maana siku yangu ya mapumziko nilipanda bodaboda kwenda kutafuta paa.

Paa lenyewe nililiona wiki moja kabla, nikirusha ndege ndogo ya abiria kumi na mmoja kuja Dodoma. Ilikuwa asubuhi ya mvua, mawingu mazito. Katika hali hiyo rubani hafuati macho, anafuata vyombo: mshale unaoonyesha mstari wa uwanja, kipimo cha umbali, kipimo cha kimo. Kila umbali una kimo chake, na huruhusiwi kwenda chini ya hapo. Mwishoni, usipouona uwanja, unapaa tena. Kuandika ni rahisi. Mwili nao ni mwongo mkubwa: wangu uliniapia kwamba tunalalia kushoto, na vyombo vikasema tumenyooka.

Ghafla wingu likatoboka. Chini nikaona paa refu la bluu, na tangi jeupe pembeni. Nilifurahi mno. Dada yangu anakaa Nzuguni, na kanisa lake lina paa kama lile. Kutoka pale uwanja hauko mbali, hata maili sita hazifiki.

"Kapteni, Nzuguni hiyo! Nishuke?"

Kapteni, mama mpole aliyekuwa akinipima kama nafaa kukabidhiwa ndege, hakugeuza hata shingo.

"Umeona paa au umeona uwanja?"

"Paa. Lakini ni kwetu, mama, napajua."

"Umbali unasomaje?"

"Maili kumi na tatu."

"Basi fuata vyombo."

Nikafuata, nimenuna. Tulipotoka chini ya mawingu uwanja ulikuwa mbele yetu kabisa, nikatua vizuri, na bado nilikuwa na kinyongo. Nilijiambia kipimo kimekosea. Yaani mimi nisiijue Nzuguni?

Kwa hiyo nilianzia kanisani kwa dada. Paa la bluu lipo. Tangi hakuna.

"Halijawahi kuwepo," dada alisema, akinicheka. "Mdogo wangu, mabati ya bluu yamejaa mkoa mzima."

Nikamwambia dereva wa bodaboda tushike njia ya Chamwino, mpaka umbali uleule uliosomeka kwenye kipimo. Tukaacha lami, tukaulizauliza. Paa tulilikuta, na tangi lake. Ilikuwa shule ya msingi.

Nyuma ya shule, upande wa mjini, kilisimama kilima kirefu cha mawe. Siku ile sikukiona kabisa. Mpishi wa shule, mama mtu mzima, alikuwa akikoroga uji.

"Shikamoo, mama. Hiki kilima huwa kinaonekana wakati wa mvua?"

"Marahaba. Asubuhi ya mvua? Aa, kinafunikwa chote. Mgeni hawezi kujua kama hapa kuna mlima."

Nikakitazama tena, nikakumbuka kimo nilichotaka kushukia. Kingenipeleka katikati ya mawe yale. Nikakaa juu ya kuni za mpishi. Niliogopa kweli, wiki nzima baada ya hatari kupita, nikiwafikiria wale abiria kumi na mmoja.

Kengele ya uji ikalia. Watoto wakamiminika kutoka chini ya paa la bluu, wakinipungia vikombe vyao. Hao sikuwa nimewafikiria kabisa.