Oili ya Boti kwenye Korola ya Scola

Basi kuna mwanamke mmoja wa Rusimbi anaitwa Scola, Mama Happiness, na kama umewahi kusimama pale kijiwe cha teksi za kwenda Ujiji, moshi wake umeshauvuta. Hata kama hukupanda gari lake. Korola yake ilikuwa nyeupe zamani, sasa imekuwa rangi ya meno ya mvuta sigara, na ikiondoka ilikuwa inaacha wingu la bluu mpaka akina mama wanaouza ndizi wanafunika ndizi zao kwa kanga. Ilikuwa na kilomita laki nne na ushee, na hizo ni zile zilizohesabiwa kabla dashibodi haijakata moto.

Scola kazaliwa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa na baridi. Alishuka mjini kuolewa na Feliksi, dereva, mtu wa Ujiji, mpole halafu mcheshi, mwanaume anayependa gari lake kuliko shati lake. Kila Jumapili Feliksi alikuwa anaipeleka Korola ziwani kuiosha, na Scola ndiye msugua matairi. Siku moja Scola akagoma. Akasema hasugui tena mpaka afundishwe kuendesha. Akafundishwa palepale ufukweni, pembeni ya dagaa walioanikwa, na dagaa wa watu aliwakanyaga mara nyingi tu mpaka wenyewe wakawa wakiiona Korola inakuja wanakunja nyavu zao kabisa.

Halafu Feliksi akaugua figo, akafa. Yaani haraka, hata mtoto hakuelewa.

Arobaini ilipokwisha, ukoo ukakaa kikao. Wengine walitaka Korola iuzwe, wengine walitaka aichukue Thobias, mdogo wake Feliksi, fundi wa injini za boti pale Ujiji, kwa kuwa ndiye mwanaume anayejua mashine. Scola alikaa kwenye mkeka, pembeni. Baba mkwe, Mzee Leonardi, ndiye aliyefunga mjadala.

"Gari likitembea, ni la Scola na mtoto," alisema. "Siku likilala, linarudi nyumbani."

Watu wakasema amen, pilau likaletwa. Thobias naye akasema amen, tena kwa sauti.

Kwa hiyo mjue jinsi Scola alivyokuwa anaishi. Kila asubuhi akizungusha ufunguo, anasikiliza kwanza kama anasikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Likiwaka, Happiness anakwenda shule na usiku wanakula. Lisipowaka, hana gari, hana kazi, na pengine ukweni hana tena neno.

Na injini ilikuwa imechoka jamani. Ilikuwa inakunywa oili. Scola hakujua mambo ya oili, Feliksi ndiye alikuwa anajua, basi akaenda dukani mwenyewe, akachagua kopo zuri kuliko yote, la dhahabu. Kumbe ile ni oili nyepesi ya magari mapya. Ilipita kwenye ile injini kama maji kwenye chekecheo, nyingine inavuja chini, nyingine inaungua, ndiyo hilo wingu la bluu.

Pale kijiweni kulikuwa na dereva anaitwa Erasto, mtu wa maneno, ana Noah inayong'aa. Huyo alimla Scola nyama mbichi. Kila akifika anamuuliza, "Mama Happiness, hao dagaa unaokaanga bado hawajaiva?" Kijiwe chote kinacheka, abiria wanacheka, hata mwenye kuuza karanga anacheka huku anahesabu chenji. Erasto akarekodi video ya ule moshi, akaitupa kwenye grupu la madereva la WhatsApp, na chini yake kila mtu akaweka emoji ya samaki. Samaki tupu, ukurasa mzima. Scola mwenyewe yumo kwenye grupu.

Akaenda kwa Bucumi. Bucumi ni fundi wa Buzebazeba, familia yao walivuka kutoka Burundi siku nyingi, ana banda la mabati na mdomo mbaya kuliko Erasto. Alifungua mfuniko wa injini, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akamtazama Scola kama vile kaleta maiti.

"Yewe mama," alisema, "hii injini ni bibi kizee. Hata uipake nini haitakuwa msichana."

Halafu akamweleza, kwa kugomba lakini akamweleza. Kwamba kwenye kopo kuna namba mbili. Ya mbele, ile yenye herufi W, inasema oili inatembeaje injini ikiwa bado baridi. Ya nyuma inasema inashikaje ikishachemka. Injini iliyochoka vyuma vimelika, nafasi zimepanuka, inataka namba ya nyuma iwe kubwa. Lakini ile ya mbele isizidi, kwa sababu oili ikiwa uji asubuhi haipandi juu kwa wakati, na vyuma vinasagana vikavu. Kwa gari hili na joto la hapa mjini, akasema, ni ishirini-hamsini, basi, usinipandie wala usinishukie. Apime kijiti kila asubuhi, aongeze kilichopungua. Akiwasha angoje taa nyekundu ya oili izime ndiyo aondoke. Siku akijaaliwa, abadilishe sili za valvu, ndizo zinazoachia oili ikaungua.

Scola akauliza kama moshi utakwisha.

"Utapungua. Kwisha, hapana. Unataka gari litembee au unataka lisifiwe?"

Na kweli moshi ulipungua. Lile wingu likawa kauzi kembamba tu, na gari likatulia, likatembea vizuri. Mtu mwenye akili angeshukuru, akanyamaza. Ila Erasto alikuwa bado yupo. Siku ya kwanza tu akachungulia bomba la moshi, akasema, "Leo Mama Happiness kakaanga kidogo, hali ngumu." Wakacheka kuliko zamani. Tena wakamuuliza kama kweli fundi wake ndio yule Mrundi, na kama hata oili kapewa ya mgao wa wakimbizi.

Hapo ndipo Thobias akaingia.

Alimkuta Scola ziwani Jumapili, anaosha gari peke yake. Akamsalimia vizuri, shemeji hujambo, Happiness hajambo, akasaidia hata kubeba ndoo. Halafu akasema inamuuma kusikia mke wa marehemu kaka yake anachekwa mjini kama kichaa. Akasema wao watu wa boti wana dawa.

Na hiyo dawa ipo kweli, mwambao mzima wanaijua. Wanaita kunyamazisha. Injini ya boti ikianza kugonga na kutoa moshi, mafundi wanaijaza oili nzito, namba arobaini tupu isiyo na W, halafu wanachanganya na oili ya gia, ile nene inayoshuka kama asali. Injini inanyamaza kabisa. Na boti haina shida, kwa sababu boti inawashiwa kwenye joto la ziwa, inaachwa ingurume mpaka nahodha amalize chai, halafu inakwenda mwendo uleule mmoja hadi inakofika. Hakuna kilima ziwani. Watu wa Ujiji wengi wanaamini mashine ni mashine, kinachofaa boti kinafaa gari, na Scola alikuwa ameolewa Ujiji miaka mingi kiasi cha kuamini hivyohivyo.

Walikwenda kwenye banda la Thobias. Mle ndani kiza, kunanuka dizeli na samaki. Wakamwaga oili ya Bucumi ikiwa bado safi. Thobias akamkabidhi Scola dumu na karatasi iliyokunjwa kama faneli, yeye akawasha tochi ya simu akamulika. Scola akamimina. Ilishuka taratibu, nyeusi, nene, mpaka mkono ukamuuma kushikilia dumu.

Akawasha. Jamani, kimya. Ndani hakigongi kitu, moshi hakuna hata wa dawa. Scola alicheka mpaka akashika mdomo.

Wiki zilizofuata zilikuwa zake, acha tu. Alifika kijiweni na kitambaa kipya kichwani na kile kimti cha manukato kinaning'inia kwenye kioo. Erasto akainama kuchungulia bomba, hakuona kitu, na Scola hakumwachia hata kidogo. Akamwambia Noah yake inakohoa, aipeleke zahanati kabla haijaambukiza wenzake. Kijiwe kikacheka, safari hii kikimcheka Erasto, na Scola akaona utamu wake. Akanogewa. Akapita hadi Buzebazeba, mbele ya banda la Bucumi, taratibu kabisa, anapiga honi, kioo kimeshushwa. Bucumi alikuwa chini ya gari la mtu. Akatoa kichwa, akatazama lile bomba lisilotoa moshi, akarudi chini.

Kitu kimoja tu. Kila asubuhi, ile taa nyekundu ilikuwa inachelewa kuzima. Zamani ilikuwa inazima hapohapo, sasa unaweza kufunga mkanda, ukajitazama kwenye kioo, bado inakukodolea. Scola alimuuliza Thobias. Thobias akasema taa ni umbea wa gari, akiusikiliza hatafanya kazi.

Ukaja msiba Kalinzi. Mtu wa ukoo wa mama yake. Scola akapandisha waombolezaji jioni, gari limechemka vizuri, linapanda milima halilalamiki, akalala kwa mama yake. Kalinzi usiku ni baridi, wenyeji wanaijua, maji ya kunawa yanauma vidole. Alfajiri ukungu umekaa juu ya migomba, na Korola imelala nje, tumboni ina ule uji.

Ufunguo wa kwanza iliguna. Wa pili iliguna. Wa tatu ikawaka, na taa nyekundu ikawaka nayo.

Abiria walikuwa wameshajaa. Mmoja mama mnene wa Buzebazeba anawahi treni, na mdomo wake ulikuwa umeshaamka. Scola akasema wangoje kidogo injini ipate moto. Yule mama akauliza kama anapika ugali humo ndani. Wakacheka. Sasa Scola, mtu aliyekwisha onja kutochekwa, alikuwa hawezi tena kuvumilia kicheko hata cha abiria mmoja. Taa inamtazama, anaitazama. Akaingiza gia.

Kutoka pale kuna kilima kimoja tu kabla barabara haijaanza kuteremka mjini. Kimoja. Akakanyaga mafuta. Katikati ya kilima ukaanza mlio, mkavu, kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko, ukawa mkubwa, ukawa mkubwa zaidi, halafu kitu kikapiga chini kwa nguvu, gari likajikwaa na kusimama palepale. Akazungusha ufunguo. Injini haikuzunguka hata kidogo. Imeshika, chuma kwa chuma.

Abiria wakashuka. Hakuna aliyesukuma. Yule mama wa treni alimrekodi kwanza, Scola ameinamia usukani, ndiyo akapanda bodaboda.

Scola akampigia Bucumi. Bucumi aliuliza kitu kimoja, umeweka nini.  Scola akajaribu kusema oili ya shemeji, akashindwa kumaliza.

"Mimi nilisikia honi yako," alisema Bucumi. "Kaa hapo ulie, ukimaliza mwite aliyekupa." Akakata.

Hata kumwita hakukuwa na haja. Video ilishafika kwenye grupu, samaki wameshaanza kumiminika, na kabla ukungu haujaisha Thobias akatokea na pikapu. Hakufungua mfuniko wa injini. Hakuuliza limefanyaje. Alishuka na kamba mkononi, imeshafungwa kitanzi upande mmoja.

Scola akaitazama ile kamba, akamtazama na yeye usoni.

"Shemeji, ulijua?"

Thobias alikuwa amepiga goti anafunga kamba chini ya bampa. Alikaza fundo kwanza.

"Dumu ulishika wewe," alisema. "Mimi nilimulika tu."

Sasa gari likivutwa kwa kamba lazima mtu akae kwenye usukani, ashike njia, apige breki, lisije likaligonga linalovuta. Thobias anaendesha pikapu. Nani mwingine? Scola akapanda tena. Usukani bila injini mzito kama wa lori, breki ngumu kama unakanyaga ukuta, na mlima mzima wa Kalinzi unateremka mbele yake. Alipigana nalo kona kwa kona, jasho linamtoka kwenye ile baridi, akilinda bampa la pikapu la shemeji yake lisipate hata mkwaruzo.

Pale Rusimbi madereva walikuwa wamepanga mstari, wanamngoja. Erasto alisimama mbele, kafunika pua kwa kitambaa, na Korola haitoi moshi hata wa kiberiti.  Alipunga mkono tu, kama unavyompungia bibi harusi, na wote nyuma yake wakapunga.

Wakashuka hadi Ujiji, wakaingia uani kwa Mzee Leonardi. Mzee alikuwa barazani. Scola akamwamkia kupitia dirishani, shikamoo baba, mzee akaitikia marahaba, akatazama miguu yake mwenyewe.

Ndipo Scola akaona mnyororo wa kunyanyulia injini. Umeshaning'inizwa kwenye boriti ya banda. Chini yake, juu ya gunia, kuna injini ya Korola, ya mtumba, imeshaoshwa tayari, na vumbi lililoishika mabegani si la leo wala la jana.

Thobias akatoa mkono nje ya pikapu, akampa ishara. Njoo, njoo kidogo, shika kulia. Simama.

Scola akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na Korola ikasimama chini ya mnyororo, katikati kabisa.