Abiria Ambaye Hakuitwa Jina

Kabla hujaniambia niliota, nijibu hili kwanza: mtu anaota saa sita mchana, magunia mawili ya vyondo yako miguuni, na njaa inamuuma? Mimi ni mtu wa kanisa, nimeokoka, na nilikuwa macho kabisa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe pale Mtito Andei, miaka ya sabini ikielekea kuisha. Pastor wetu nilimsimulia. Akaniomba tu nimwongezee chai.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kanyangi, tukisuka vyondo vya makonge. Kulikuwa na mzungu mmoja mwenye maduka kwao, amefikia hoteli huko Mombasa, akasema tumletee sampuli. Zikimpendeza, atanunua kila mwezi. Siku niliyosafiri ndiyo jioni yake alikuwa anarudi kwao. Wanawake thelathini walikuwa wamesuka miezi mitatu, wengine kwa mwanga wa koroboi mpaka macho yanawasha, huku shemeji yangu Mutiso akipita na kutucheka: "Vikapu vitawafikisha wapi nyinyi?" Yaani nisingefika, kicheko cha Mutiso kingekaa Kanyangi mpaka tuzeeke.

Sasa, mvua ya Novemba ikala daraja mbele ya Mtito Andei. Malori yakapanga mstari, madereva wakalala chini ya magari. Nikasikia kuna ndege ndogo ya kubeba watalii wa Tsavo, inavusha watu mpaka Mombasa kutoka kiwanja cha hapo karibu. Nikakata tiketi bila kufikiria nitarudi vipi. Ndege ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi.

Saa tatu! Wewe ushawahi kungoja ndege? Heri kungoja mvua, mvua haikuambii uongo. Ilipofika saa tatu karani akaja na karatasi yake, akasema kuna mawingu Mombasa. Saa nne akasema rubani anakunywa chai. Chai gani ya saa nzima, kwani alikuwa anaichuma? Saa tano wakaita majina, tukapanda, injini ikakohoa mara tatu ikanyamaza, tukashushwa. Nilimwambia karani maneno ambayo nilikuja kuyatubu Jumapili iliyofuata. Kulikuwa pia na Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Mwingi, mtu mpole. Yeye alitandika mkeka wake kivulini akaniambia, "Mama, subira." Nikamwambia subira aile yeye, mimi nimebeba wanawake thelathini.

Saa sita nikaenda kukaa kwenye benchi lililokuwa nyuma ya kibanda cha tiketi. Hapo nikamkuta mzee. Amevaa koti zito la sufu, joto lile lote, wala jasho hana. Juu ya magoti ana sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba ya makonge. Akaniuliza kwa Kikamba, sauti ya chini, kama wameshaita majina. Nikasema waliita saa tano.

"Mimi sijaitwa," akasema.

Nikamwambia basi aende kwa karani. "Sijaitwa," akarudia. Hapo ndipo nikatazama chini. Kiwanja kizima kilikuwa matope, na sisi wote tulikuwa nayo mpaka vifundoni. Viatu vyake vilikuwa vikavu, vimepakwa polishi, vinang'aa. Na pale alipopita hakukuwa na alama hata moja ya mguu.

Niamini, nywele zilisimama. Nikainuka pole pole, nikaenda kwa mlinzi wa kiwanja, Mkamba mwenzangu, nikamwuliza yule mzee wa koti ni nani. Mlinzi akaacha kutafuna. "Ana sanduku la mbao?" Nikasema ndiyo. Akaniambia bila kunitazama kwamba zamani, wakati kiwanja kinafyekwa, kulikuwa na kibarua mmoja hapo. Msimamizi alimwahidi kwamba ndege ya kwanza ikija, jina lake litaitwa naye atapanda. Kibarua akashonesha koti, akatafuta sanduku. Siku moja kabla ya ndege kuja, nyoka akamuuma. Amezikwa pale mwisho wa kiwanja, hakuacha mke wala mtoto, na jina lake wote wameshalisahau.

"Akionekana, siku hiyo ndege haitoki," mlinzi akasema. "Nenda tu ukatafute mahali pa kulala."

Nikalale! Na mzungu anaondoka jioni?

Wakati huo huo rubani akajaribu injini tena. Ikalia, ikakatika. Ikalia, ikakatika. Nikamkumbuka susu, nyanya yangu. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, na hana homa wala tumbo halimuumi, wazee walikuwa wanasema kuna marehemu anayetaka jina. Basi susu alikuwa anambeba mtoto kifuani, anaita majina ya waliokufa moja moja. Akilitaja lenyewe, mtoto ananyamaza na kunyonya. Nimeona kwa macho yangu haya. Nikajiambia, hii ndege si mbovu. Hii ndege inalia.

Nikarudi kwenye benchi. Kuogopa niliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikamwambia, "Mzee wangu, kwa heshima zote, unatuchelewesha. Unaitwa nani?"

Akaniangalia kama hakuamini kwamba ameulizwa. "Nzioka," akasema. "Nzioka wa Ndambuki." Halafu akatazama tumbo langu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, na aliyejua ni mume wangu peke yake. Mvulana wetu wa kwanza alikuwa amepewa jina la baba mkwe, kama inavyotakiwa. Huyu wa pili, akiwa mvulana, jina lilikuwa la baba yangu mzazi, na baba alikuwa amelingojea miaka.

"Sawa," nikasema. "Akiwa mvulana, ni wewe. Lakini leo unanifikisha Mombasa."

Nikamfuata karani, nikamwambia aite Nzioka wa Ndambuki. Akapitisha kidole kwenye karatasi. "Huyo hayuko hapa, mama." Nikamnyang'anya ile karatasi, nikasimama katikati ya matope, nikaita mwenyewe kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Nzioka wa Ndambuki! Panda ndege!"

Abdi akaruka kutoka mkekani. "Astaghfirullah, mama, unamwita nani?" Rubani alikuwa anacheka. Akajaribu injini mara moja tu, ikashika. Haikukohoa hata kidogo.

Nikatazama kwenye benchi, halina mtu. Tulipopanda tena, kiti cha kando yangu hakikuwa na mtu pia, lakini mkanda wake ulikuwa umefungwa. Tulipopaa juu ya Tsavo nilisikia harufu ya sufu na polishi ya viatu, na mtu akivuta pumzi kama mtoto aliyeonyeshwa ndovu. Tulipotua Mombasa, mkanda ulikuwa umefunguliwa. Abdi aliuona, ndiyo maana mpaka leo tukikutana sokoni Mwingi ananisalimu kwa mbali.

Mzungu nilimkuta kwenye ngazi za hoteli, mizigo yake imeshapakiwa kwenye gari. Nikamwaga vyondo vyote mbele yake, na matope yangu yote, bila haya. Akainama, akachukua kimoja, akakivuta huku na huku, hakikulegea. Akakaa pale pale kwenye ngazi akaanza kuandika. Alichukua vyote, na akataka vingine kila mwezi! Niliporudi Kanyangi wanawake walinibeba juu juu, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Na Mutiso je? Mwezi uliofuata alikuja mwenyewe, kofia mkononi, kuomba kazi ya kutubebea makonge. Tukampa, na mpaka leo anabeba.

Mtoto akazaliwa, mvulana. Nikaenda kwa baba kumweleza kwamba nafasi ya jina lake nimempa mtu asiye hata wa ukoo wetu. Nililia njia nzima. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. "Mimi bado naitwa na watu, mwanangu," akasema. "Yeye nani angemwita?"

Nzioka wangu hakulia usiku hata mmoja. Sasa yuko sekondari, kijana mzuri, ana kitu kimoja tu. Mwalimu akiita majina darasani, yeye husikika akiitika mara mbili. Ameshachapwa kwa ajili ya hilo. Anasema ile ya pili si yeye.

Kwa hivyo wewe unayesafiri, ukicheleweshwa kiwanjani usikimbilie kumtukana karani. Angalia kwanza viatu vya aliyekaa kando yako. Vikiwa vikavu siku ya mvua, mwulize jina lake, uliite kwa nguvu watu wote wasikie. Lakini usimwahidi kitu usichokuwa na nia ya kukitoa, maana aliyeweza kuzuia ndege hashindwi na mlango wako. Mimi niliahidi, nikatoa, na tangu siku hiyo hakuna ndege iliyowahi kunichelewesha tena.