Sigara Kwenye Kopo la Dawa

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine.

Kazi yangu ni kuchomelea mageti. Naishi na virusi vya UKIMWI mwaka wa tisa huu, na vidonge sijaruka hata siku moja.

Sigara nazo sikuruka.

Kliniki tuna kundi la kuacha sigara. Nyota wao nilikuwa mimi! Miezi miwili eti sijavuta. Wananipigia makofi, nami nawapungia mkono kama mgombea.

Siri yangu? Kopo la dawa la zamani. Nani atafungua kopo la dawa la mtu? Nikaficha sigara humo, nikaliweka kabatini kando ya kopo lenye vidonge. Mapacha kabisa.

Sasa nesi wetu ana kawaida yake: kila ukienda, unatoa kopo anahesabu vidonge vilivyobaki.

Asubuhi ile nilichelewa. Nikanyakua kopo, huyo, mbio.

Mbele ya kundi letu, nesi akafungua, akamimina kwenye sahani.

Sigara sita.

Akaziangalia. Akaniangalia.

"Baba, hizi unameza kabla ya chakula au baada?"

Kundi zima hoi kwa kicheko.

"Nesi, hizo ni za shemeji yangu."

"Shemeji naye kopo lake lina jina lako?"

Kabla sijatunga uongo mwingine, mlango ukafunguliwa. Mke wangu, anahema, kopo la vidonge mkononi.

"Umesahau hili."

Akaona sahani. Akahesabu kwa kidole.

"Sita? Jana jioni zilikuwa nane."

Jamani! Kumbe siku zote alikuwa anazihesabu, ananisubiri niseme mwenyewe.

Nikakaza shingo. "Mama watoto, vipimo vyangu vizuri, virusi havionekani kabisa. Sigara mbili tatu zitanifanya nini?"

Nesi akafungua mdomo aanze somo la mapafu na moyo. Mke wangu akamzuia kwa mkono.

Wewe unayesoma hapa, kama umeficha pakiti mahali, jibu la mke wangu lichukue bure. Mimi mwezi wa tano huu sijavuta, safari hii kweli, na kila nikitamani nalisikia upya:

"Miaka tisa nakukumbusha vidonge ili nizeeke na wewe. Sikuwa nakunenepesha ili sigara ije ikuchinje."