Mgongo wa Mheshimiwa Yotamu

Yotamu alikuwa mwalimu wa misheni, mpole wa kupindukia. Ndiyo maana mwaka 1955 Gavana alimteua kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Walimtaka mtu asiyebisha. Kumbe hawakumjua!

Miaka miwili baadaye Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, aliitisha mkutano vilimani, nje ya Mbeya. Mlowezi mmoja alilitaka bonde la migomba, na wapimaji walikwisha piga vigingi. Yotamu aliwekewa kiti mbele, kando ya bendera, ili watu wamwone wakubali. Alijua: akipinga, ujumbe wake ndio mwisho.

Shamba la kwanza kuchukuliwa lingekuwa la Atuganile, mke wa mwanawe. Mume wake alikuwa Chunya, kwenye dhahabu, kwa hiyo ilimpasa ajisemee. Lakini hebu fikiria: kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani kabisa. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia vichakani. Basi Atuganile alibaki nyuma ya migomba.

"Anaogopa," alicheka Fanueli, karani wa Bwana Shauri. "Hana neno huyo. Tuendelee."

"Haogopi. Ananiheshimu," alisema Yotamu. Akainuka, akakigeuza kiti, akakaa akitazama mlima. Mgongo kwa watu, mgongo kwa bendera, mgongo kwa Bwana Shauri.

"Mzee Yotamu! Unampa Bwana Shauri mgongo?" Fanueli alifoka.

"Autazame tu. Umepinda kwa kulima bonde hilohilo."

Mwanamke mmoja akadakia, "Fanueli, na wewe geuka basi, tupumzike na sura yako!"

Watu wakaangua kicheko. Atuganile akatoka, kanga usoni.

"Tata," alimwita baba mkwe wake, "mimi shamba sitoi. Mama mkwe ndiye aliyenikabidhi. Huyo mlowezi akija, atanikuta nalima."

"Nimesikia, mwanangu," Yotamu alijibu bila kugeuka. "Dar es Salaam nao watasikia."

Na kweli alikwenda akayasema maneno ya Atuganile barazani, neno kwa neno, mpaka wapimaji wakaambiwa wang'oe vigingi vyao. Muda wake ulipokwisha hakuteuliwa tena. Fanueli akatumwa kwake: Yotamu akiomba radhi tu, kiti cha Baraza anarudishiwa.

"Radhi ya nini?"

"Ya dharau, mzee."

"Aliyedharauliwa ni mkamwana wangu. Kaanze kwake, yuko bondeni."

Fanueli alichungulia bondeni. Atuganile hakuwa peke yake. Wanawake walijaa kule, kila mmoja na jembe lake. Akapanda baiskeli, akarudi mjini.